JWTZ ingeishia Mutukula? Tujadili vita vya Kagera bila jazba

Wakuu, mada hii huibuka kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, na mara nyingi huishia kwenye matusi. Safari hii naomba tuvumiliane. Hoja ya ndugu yetu aliyeianzisha ni hii: Tanzania ilikuwa na haki ya kumtoa Idi Amin, mtawala wa Uganda, kwenye ardhi yetu, lakini haki hiyo iliisha pale askari wake walipofukuzwa hadi ng'ambo ya mpaka, pale Mutukula. JWTZ, jeshi letu la wananchi, kwenda mpaka Kampala, anasema, ulikuwa uvamizi kama uvamizi mwingine wowote, na dhiki ya miaka ya 80 tulijitakia. La kwanza nalikataa. La pili nakubaliana naye nusu. Lipo na la tatu ambalo hakuligusa, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Vijana wengi wanavijua vita hivi kwa ile hotuba ya Mwalimu Nyerere tu, ya uwezo, sababu na nia. Kwa hiyo turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin walivuka na kuteka eneo letu lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, kisha Amin akatangaza kuwa limekuwa sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka, lililovuka mto huo, ndege zake zilishindwa kulivunja. Akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, akalilipua Novemba 3. Nalitaja daraja hilo kwa makusudi. Jeshi lililokuja kupora na kuondoka halihangaiki kutafuta fundi wa kulipua daraja. Anayefanya hivyo anataka mto uwe mpaka. Na uporaji nao ulikuwepo: kiwanda cha sukari cha Kagera kilikombwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, raia wapatao 1,500 wakauawa, wanawake wakachukuliwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia kusini na walichoweza kubeba.

Wapo wanaosema ulikuwa ugomvi wa watu wawili, Nyerere na Amin, kwa ajili ya Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin. Hapo kuna ukweli, na tusiuonee haya. Amin alipopindua serikali Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Tanzania ilikataa kumtambua na ikampa Obote makazi Dar es Salaam. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka kwetu kwenda kuipindua serikali ya Kampala, wakapigwa vibaya. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo, kati ya Tanzania na Uganda, ndio ulioziba ufa. Kwa hiyo mikono yetu haikuwa safi. Lakini miaka sita ilipita baada ya mkataba ule, na kilichomsukuma Amin mwaka 1978 kilikuwa nyumbani kwake: vikosi vyake vyenyewe vilikuwa vimeanza kuasi. Na tusisahau kwamba mwaka 1976 alidai pia sehemu kubwa ya Kenya, ambako hakukuwa na Obote.

Sasa tuje kwenye mpaka. Baada ya uvamizi Mwalimu aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin, na alimtaka Amin aache kudai ardhi yetu na alipe fidia. Umoja ukatuma wapatanishi wa kuziambia pande zote mbili zitulie, kana kwamba pande zote mbili zilikuwa zimevamia. Hakuna laana iliyotolewa. Anayesema tungeishia Mutukula anijibu: tungelinda nini pale? Jeshi la mgambo na askari wa akiba waliokusanywa nchi nzima, mabasi na malori yaliyochukuliwa kwenye kazi zake, vyote vikae mpakani kwa miaka, vikimsubiri mtu aliyekuwa amekwisha kutangaza kuwa nchi yetu ni yake?

Hoja nzito zaidi ya upande ule ni ya Cairo. Azimio la Umoja huo, lililopitishwa Cairo mwaka 1964, la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni lilipelekwa mezani na Nyerere mwenyewe. Na kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliisema Tanzania wazi kwa kuipindua serikali ya nchi nyingine. Wanaendelea: mlango huo mkishaufungua, mwenye nguvu yeyote atapita. Wanatutajia Kongo mwaka 1998, jinsi Uganda na Rwanda zilivyoingia kwa kisingizio cha usalama. Hoja hii siidharau. Ila tofauti ipo, na inapimika. Tanzania haikujikatia hata hekta moja ya Uganda, na haikukaa kuchimba dhahabu ya mtu. Uganda ilihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2005 kwa iliyoyafanya Kongo, na mwaka 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Hayo si mambo ya kuweka kapu moja.

Pia watu husahau kwamba Kampala haikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Jeshi lilikusudia kuchukua Masaka na Mbarara, kisha wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, Kikosi Maalum cha Tito Okello na Oyite Ojok pamoja na vijana wa Museveni, wamalizie. Hawakuwa wengi wa kutosha. Gaddafi akamletea Amin askari wa Libya wapatao elfu mbili na ushei, na Machi 1979 wakapambana na wetu Lukaya, kwenye barabara inayopita kwenye vinamasi. Walipovunjwa pale, njia ya Kampala ikawa wazi, na Aprili 11 mji ukaanguka. Watu walimiminika barabarani kuwalaki askari wetu, wakiwaita bakombozi, yaani wakombozi.

Lakini ukweli wa kivita una pande zake, na hapa nawaomba wazalendo wenzangu wasinikasirikie. Mutukula ilisawazishwa kwa tingatinga, na waliouawa hawakuwa askari peke yao. Wazee walioshindwa kukimbia walikuwemo. Mwalimu alipopata habari alishtuka, akaagiza raia wasiguswe. Hata hivyo Masaka, baada ya kutekwa, ililipuliwa jengo kwa jengo kulipiza kisasi cha Kagera. Muuza duka wa Masaka hakulipua daraja la Kyaka. Sijawahi kusikia Tanzania ikiwaomba radhi watu wa miji ile hadharani, na sioni radhi hiyo ingetupunguzia nini.

Kuhusu uchumi nitakuwa mfupi, maana kila mtu mzima ana simulizi zake. Tuliambiwa tufunge mkanda miezi 18. Ikapita, ikapita tena, watu wakaendelea kupanga foleni ya sukari, wakigawana mche wa sabuni vipande, wakila unga wa njano wa msaada. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500, fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, mafuta yakapanda mwaka 1979, na sera zetu za vijijini zilikuwa na matatizo yake. Kuvisukumia vita lawama zote ni kuwasaidia waliotunga sera wasijibu. Kosa la serikali lilikuwa kutoa ahadi ya miezi 18 na kutowaeleza wananchi ni nini kilichoendelea kula fedha baada ya Amin kukimbia.

Na kilichoendelea kuzila ndicho ninachotaka tukiseme. Machi 1979 Waganda wa makundi mbalimbali walikutana Moshi wakamchagua Yusuf Lule awaongoze baada ya Amin. Aliapishwa Aprili 13, na Juni 20 akang'olewa na baraza lao. Watu wa Kampala waliandamana kumtaka arudi. Yeye akachukuliwa Dar es Salaam na kuzuiliwa huku. Akaja Godfrey Binaisa kushika urais. Mei 1980 naye akaondolewa na Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga, na siku chache baadaye Obote akarejea kutoka kwetu, akashukia Bushenyi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 10, Muwanga alijitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo peke yake. Obote akatangazwa mshindi. Miezi miwili baadaye Museveni alishambulia kambi ya jeshi ya Kabamba kuanzisha vita dhidi ya Obote, na watu wa Luwero, kaskazini ya Kampala, wakaanza kuuawa kwa maelfu.

Katika muda huo wote maelfu ya askari wetu walikuwa Uganda. Hakuna rais aliyeweza kuingia wala kutoka Ikulu ya Entebbe kama Dar es Salaam ingesema hapana. Mtaniambia Waganda wana akili zao na walishindwa kuelewana wenyewe, nami nakubali, Lule alikuwa na makosa yake na baraza lile lilikuwa na haki ya kumtoa. Lakini kumzuilia mzee wa watu ugenini wakati raia wanamlilia, kisha kufumba macho rafiki yetu wa zamani anaporudishwa madarakani kwa namna ile, hiyo haikuwa tena vita ya Kagera. Vijana 373 wa JWTZ wanaotajwa kufa katika vita vile, baadhi yao wamelala makaburi ya Kaboya mkoani Kagera, hawakutumwa kumrudisha Obote.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeanzisha mada, ukiniuliza tungeishia wapi, sitakutajia mji. Nitakutajia Juni 1979, vita vilipokuwa vimefika mpaka wa Sudan na kazi imekwisha. Kulinda amani ya Kampala tungeweza kuendelea kwa miezi, kama Waganda walivyotuomba. Kuchagua upande katika siasa zao hatukuwa na haki. Wewe unayesema Mutukula, niambie Amin angetuacha tulale vipi. Na ninyi mnaosema kila tulichofanya kule kilikuwa ukombozi, nielezeni Desemba 1980.