Kentucky: mke na mume tujaze kodi ya jimbo pamoja, au kila mtu safu yake?

Mama Asifiwe, Louisville

Salamu kwenu ndugu zangu. Jana usiku watoto wakiwa wamelala nilitandaza karatasi zetu zote kwenye meza ya jikoni: W-2 yangu (karatasi ya mshahara na makato ya mwaka) ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, W-2 ya mume wangu ya ghala, na nakala ya fomu 740 ya mwaka jana. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukitazama. Ile fomu ya Kentucky ina safu mbili za namba, A na B. Safu A ni ya mwenzi, na kwetu ilikuwa tupu toka juu mpaka chini. Mshahara wangu na wake vyote vimejumlishwa kwenye B.

Mama mmoja wa kanisani ananiambia kwao wanajaza safu zote mbili na wanalipa kidogo kuliko sisi. Mwingine anasema hapana, bora kila mtu apeleke fomu yake, shirikisho (serikali kuu ya Marekani) na jimbo, mambo yaishe. Mimi mwaka 2025 nimepata dola 31,000, mume wangu 27,000. Watoto watatu. Hatuna nyumba, tumepanga. Naomba mwenye kujua anilinganishie hizi njia kabla hatujarudi kwa yule anayetujazia.

Mzee wa Lexington

Mama Asifiwe, umeuliza jambo zuri. Mimi hujitolea kila msimu kujazia watu fomu bure kupitia mpango wa VITA, na hiyo safu A tupu naiona sana kwa familia zetu za Wakongo.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Fomu ya shirikisho, 1040, ni kitu kimoja. Fomu ya jimbo ni kitu kingine. Kentucky ni kati ya majimbo machache yanayokuruhusu kujaza pamoja kwa shirikisho, halafu mkajaza mbalimbali kwa jimbo. Kwenye 740 wanandoa wana visanduku vitatu vya kuchagua. Namba 2: mmeoana, kila mtu anahesabiwa peke yake lakini kwenye fomu hiyo hiyo moja. Namba 3: pamoja kabisa. Namba 4: kila mtu na fomu yake.

Tofauti ya 2 na 3 iko kwenye lile punguzo la kawaida, kiasi ambacho jimbo halikitozi kodi. Kwa mwaka 2025 ni dola 3,270. Ukichagua 3, punguzo ni moja tu kwa watu wawili. Ukichagua 2, kila mmoja anapata lake. Chukua namba zako mwenyewe:

Pamoja: 58,000 toa 3,270, inabaki 54,730. Kodi ya jimbo kwa mwaka huo ni 4%, kwa hiyo 2,189.20.

Safu mbili: wewe 31,000 toa 3,270, kodi 1,109.20. Mume wako 27,000 toa 3,270, kodi 949.20. Jumla 2,058.40.

Mkijaza pamoja tena mnaacha dola 130.80 mezani. Kwa mtu anayelipwa kwa saa, hiyo ni siku nzima ya kunyanyua wagonjwa. Mimi inaniuma kila ninapoiona, kwa sababu aliyejaza alilipwa na familia ili aangalie kitu hicho hasa.

Kama ni mmoja tu mwenye kipato, namba 2 haina faida, kwa sababu punguzo la yule asiye na kipato halina cha kupunguza.

Kaka Columbus

Na ile ya kujaza mbalimbali kila mahali? Shemeji yangu anaisifu sana.

Mzee wa Lexington

Kwa Mama Asifiwe ningemsihi asiifanye. Wanandoa wanaoishi nyumba moja wakijaza shirikisho kila mtu peke yake, wanakosa ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC. Kwa dola 58,000 na watoto watatu, mkijaza pamoja inawapa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka 2025. Nafuu za masomo ya chuo nazo hazipo kwa waliojaza mbalimbali, wala punguzo la riba ya mkopo wa shule. Mtu hapotezi elfu mbili kwa kutafuta mia na thelathini.

Na mkumbuke hili: mkijaza shirikisho mbalimbali halafu mkajuta, mna miaka 3 ya kurekebisha mkawa pamoja. Mkijaza pamoja, tarehe ya mwisho ya Aprili ikipita hamwezi tena kutengana kwa mwaka huo.

Zuhura wa Shively

Naomba niseme kuhusu namba 4 kwa sababu imenigusa. Mzee ameeleza vizuri hesabu, lakini namba 2 ina jambo moja: hizo safu mbili zinakutana chini ya fomu, marejesho yanatoka jumla moja. Mume wangu alikuwa na deni la zamani la matunzo ya mtoto kabla hatujaoana. Mwaka wa kwanza tulijaza pamoja, nikasubiri pesa ya jimbo niliyopanga nayo kununua matairi. Ikaja barua kwamba imekwenda kwenye deni. Pesa iliyokatwa kwenye jasho langu! Mimi sikugombana naye, deni la mtoto lazima lilipwe, lakini nilikuwa na haki ya kujua kabla.

Tangu hapo Kentucky tunapeleka fomu mbili, namba 4, na yangu inanirudia mimi. Kila mmoja bado anapata punguzo lake, kwa hiyo kwa hesabu ni sawa na safu mbili. Shirikisho tunabaki pamoja na tunaambatanisha fomu 8379, ile ya mwenzi asiyehusika na deni, ili nipate sehemu yangu. Inachelewa, ila inakuja.

Mzee wa Lexington

Zuhura amesema kweli, na hilo mimi huwauliza watu faragha, kila mtu peke yake, maana wengine hawajaambiana madeni yao.

Kaka Columbus

Huku Ohio hatuna uchaguzi huo. Hadhi uliyotumia kwa shirikisho, pamoja au mbalimbali, ndiyo hiyo hiyo kwa jimbo. Ila Ohio inawapa wanaojaza pamoja nafuu yao, kama kila mmoja ana kipato kinachostahili cha angalau dola 500. Inahesabiwa kwa asilimia, inapungua kadiri kipato kinavyopanda, na haizidi dola 650. Kwa hiyo mtu akihamia huku toka Louisville asiendeleze mazoea ya kule.

Mama Neema, zamani Des Moines

Naongezea. Iowa ilikuwa kama Kentucky, tulijaza safu mbili miaka yote tuliyokaa kule. Kuanzia kodi ya mwaka 2023 wakaifuta, sasa mnafuata hadhi ya shirikisho. Montana nayo ilifuta kuanzia 2024. Ndugu anayekupa ushauri wa miaka ile hakudanganyi, sheria ndiyo imebadilika. Angalieni maelekezo ya mwaka husika.

Mwana wa Likoni, Bronx

Mimi hali yangu ni nyingine, mke wangu bado yuko Mombasa, ana duka la vitambaa. Kwa shirikisho nina njia mbili. Nijaze peke yangu kama mtu aliyeoa. Au tukubaliane wote wawili ahesabiwe kama mkazi wa Marekani kwa kodi, aombewe ITIN (namba ya kodi kwa asiye na namba ya Social Security) kwa fomu W-7, tujaze pamoja. Kwa mwaka 2025 njia ya pili inatupa punguzo la dola 31,500 badala ya 15,750, lakini mapato ya duka yanaingia pia.

Kwa shirikisho kodi aliyolipa Kenya inaweza kukatwa kwenye ile ya huku. Kwa New York sivyo: jimbo linatambua kodi uliyolipa majimbo mengine na mikoa ya Kanada, nchi nyingine halitambui. Kwa bahati New York ina sheria kwamba mmoja akiwa mkazi na mwingine si mkazi, hata kama shirikisho mmejaza pamoja, jimbo mnatengana, isipokuwa mchague wenyewe kujaza pamoja kama wakazi. Sisi hatukuchagua. Nikafanya upya hesabu ya shirikisho kwenye karatasi ya pembeni, kana kwamba niko peke yangu, nikatumia namba hizo kwa jimbo. Duka la mama watoto likabaki Mombasa. Kazi ya jioni mbili, lakini iliokoa pesa ya kweli.

Mama Asifiwe, Louisville

Nimesoma yote na mume wangu pembeni. Swali moja kwa Mzee. Zaka tunatoa kila mwezi na risiti za kanisa ninazo. Je, mimi niorodheshe zaka zikatwe kwenye mapato yangu, yeye achukue lile punguzo la kawaida?

Mzee wa Lexington

Hapana mama. Mmoja akiorodhesha, na mwingine lazima aorodheshe. Mnaweza kuweka orodha moja mkaigawa kwa uwiano wa mapato yenu. Zaka zenu kwa mwaka ni ngapi? Nyinyi hamna riba ya mkopo wa nyumba, kwa hiyo zikiwa chini ya 6,540, yaani punguzo mbili, achaneni na orodha. Risiti zitunzeni hata hivyo.

Ile kodi ya 2.2% ya jiji la Louisville kwenye mishahara haiguswi na uchaguzi huu. Na kama ghala la mume wako liko ng'ambo ya mto, Indiana, angalia sehemu ya chini ya W-2 yake imekatwa jimbo gani. Kuna makubaliano kwamba mkazi wa Kentucky halipi kodi ya jimbo la Indiana kwenye mshahara, ila kodi ya kaunti bado ipo.

Mama Asifiwe, Louisville

Zaka hazifiki 6,540. Na ghala liko Jeffersonville! Nimeinuka sasa hivi kuitafuta W-2 yake. Kisanduku cha 15 kimeandikwa IN, yaani Indiana. Mzee, Jumamosi mnafungua saa ngapi?