Ushauri jamani: malengo yangu ya uandishi hayavuki mwezi wa nne

Nyota_wa_Himbi (Goma)
Jambo wapendwa. Mimi ni dada wa hapa Goma, naandika kwa kujitegemea tangu nimalize iniversite, sina patron, sina ofisi, niko na mashini yangu (kompyuta) na koneksyo pale inapopatikana. Zamani mambo yalikuwa yanaenda, nilikuwa naandikia ba ONG (mashirika ya misaada), ripoti zao, stori za watu waliosaidiwa, vijitabu, na walikuwa wanalipa vizuri. Halafu Januari 2025 vitu viwili vikaanguka pamoja, Marekani ikasimamisha misaada yake, na mwisho wa mwezi huohuo vita ikaingia mjini, banki zikafunga, ONG zingine zikahama, zingine zikapunguza watu na wa mawasiliano ndio walitoka wa kwanza. Tangu hapo niko natapatapa.

Sasa shida yangu. Kila mwanzo wa mwaka naandika malengo mu kaye (daftari). Mwaka huu nimeandika: kutoa makala yenye jina langu kwenye gazeti la nje linalolipa, kutochukua tena kazi chini ya bei fulani, na kuweka akiba ya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza nakimbia vizuri, wa pili nachoka, ikifika wa nne hata kaye sijui iko wapi. Nyie wenye muko mu hii kazi munafanya aje mpaka lengo linashika? Nipunguze malengo? Au niache tu niseme mimi si mtu wa malengo? Nalala vibaya juu ya hii mambo. (Kuna pia vikazi vingine vingine vya kuandika vinanilia saa, lakini hivyo si shida sana.)

Chukudu_Virunga (Goma)
Dada unalala vibaya juu unalala sana. Amka saa tisa ya usiku, sali, andika mpaka jua litoke. Mimi nilikuwa nataka kununua moto (pikipiki), nikaamka saa tisa kila siku nikapakia makala ya kupikia (mkaa) kutoka Rusayo, leo niko na moto mbili na kijana anaendesha moja. Kaye haina kazi, lengo linakaa mu kichwa.

Mama_Nyawera (Bukavu)
Mtoto yangu karibu. Mimi nimesomesha watoto kwa hii kazi kwa hiyo nitasema ninachokijua. Lengo lako la kwanza liko mkononi mwa mtu mwingine. Mhariri ndiye anaamua makala itoke au isitoke, wewe huwezi kuliahidi hilo hata ukiamka saa ngapi. Unachoweza kuahidi ni kutuma. Andika hivi: kila Jumatatu natuma mapendekezo mawili ya makala, kila Ijumaa nawakumbusha wale wa wiki iliyopita ambao hawajajibu. Ukikataliwa mara kumi mfululizo lengo bado limetimia, na unaweka daftari la nani alikataa nini, baada ya miezi kadhaa unaanza kuona mwenyewe unakosea wapi. Pendekezo lenyewe liwe fupi, mistari ya kwanza iseme kuna nini kipya na kwa nini sasa, kisha utaongea na nani, maneno mangapi, utaleta lini. Sisi wa huku tunapenda kuanza na Berlin 1885, mhariri anachoka mbele hajafika Goma.

La bei ni zuri ila "bei fulani" si bei. Chukua pesa ya mwezi mzima, nyumba, chakula, mega za internet, dawa, gawanya kwa saa unazoandika kweli. Si saa za mchana, ni saa ambazo umeme uko. Namba itakayotoka ndiyo sakafu yako, chini ya hapo unamlipia mteja ili umfanyie kazi.

Sasa nikuulize. Hivyo vikazi vingine vingine ni vipi? Umeviweka kwenye mabano na mimi nina mazoea ya kusoma mabano kwanza.

Nyota_wa_Himbi
Asante sana mama, hii ya Jumatatu na Ijumaa naiandika sasa hivi. Vile vikazi ni vya wateja binafsi tu, vya hapa na pale. Tuendelee na malengo.

Katuba_Moja (Lubumbashi)
Dada mi niko Lubumbashi, huku nilianzaka kuandikia makampuni yenye kufanya kazi ku mines (migodi), vijarida vya usalama, vaa kofia, funga mukaba, usipite chini ya mashini inanyanyua kitu, mambo ya vile vile kila mwezi lakini njo ilinijengeya nyumba. Lengo langu ni moja tu miaka yote: mteja mumoja asipite nusu ya feza yangu. Juu nini? 2020 wakati ya Corona kampuni moja ilinikata ku simu, dakika mbili tu, na yeye njo alikuwa feza yangu yote. Tulikula bukari (ugali) na matembele mpaka bibi yangu akauliza kama tumekuwa sungura. Kufika leo nikiona mteja mumoja anaanza kunona natafuta wawili wengine mbio.

Dada_Panzi (Bukavu)
Samahani naingilia, kuna mtu anajua programu nzuri ya kuandikia ku simu? mashini yangu imekufa na fundi anasema kioo chake hakipatikani

Mama_Nyawera
Nyota, wateja binafsi wa nini? Naona unakimbia swali. Kama vinakula saa zako basi vyenyewe ndivyo vinaua malengo, mwezi wa nne hauna kosa.

Nyota_wa_Himbi
Sawa mama. Ni TFC na memwari za wanafunzi, zile kazi za mwisho wanaandika ili wamalize iniversite. Kuanzia mwezi wa nne ndiyo wanaanza kuja juu wanakimbizwa na tarehe ya kudefandi (kutetea kazi yao mbele ya juri), na mpaka wamalize mimi sina saa ya kitu kingine. Na msimu huu nimekwisha kula avansi (malipo ya mbele) za watu watano, na hiyo feza haiko tena, imelipa minervali (karo) ya mdogo wangu.

Lakini musinielewe vibaya. Wanakuja na mada yao, wanakuja na takwimu zao, mimi napanga sura na kuandika. Wengine siku hizi wanakuja na kitu ChatGPT imeandika wanataka tu nikipe sauti ya mtu. Hakuna mtu anakufa. Wakubwa wengi walidefandi vitabu vilivyoandikwa na watu kama mimi na hawajafukuzwa kazi. Ukiwa hapa Goma bila ONG utakula nini, mapendekezo ya Jumatatu? Na nimeshaamua hizi ni za mwisho, kwa hiyo swali langu lilikuwa ni malengo.

Mwalimu_Bagira (Bukavu)
Dada yangu mimi naelekeza kazi hizo, kwa hiyo niache niseme kwa uchungu. Nakaa mbele ya mwanafunzi, kazi yake imeandikwa vizuri sana, Kifaransa kinatiririka, namuuliza watu mia moja wa uchunguzi wako uliwachagua namna gani, ananijibu "mashini ndiyo ilichagua". Namuuliza ukurasa wa 34 unasema nini, anafungua kitabu chake mwenyewe kutafuta. Huyo alikuwa wa uuguzi, leo yuko hospitali anahesabu dozi. Hakuna mtu anakufa? Tunajuaje?

Chukudu_Virunga
Mwalimu na nyie wenye kulazimisha mwanafunzi anunue silabi (noti za somo) ndiyo apate pointi munaitwa aje

Mwalimu_Bagira
Wapo, na ni aibu kwetu. Ila hiyo haimpi mwanafunzi ruhusa ya kununua na kitabu kizima. Fungua uzi wako tutakuja kuongea.

Mwana_Ndosho (Goma)
Dada samahani, memwari ya afya ya jamii unafanyaka kwa ngapi?? uko na nafasi? nadefandi mwezi wa saba. niandikie inbox

Katuba_Moja
Ehee, njo nilikuwa nawaza! Watu muangalie vizuri. Mutu anakuja eti malengo, anaficha kazi yake, anaulizwa, anaficha tena, anaulizwa, mara "naandika memwari", na papo hapo mteja anatokea na anauliza bei. Hii ni pubu (tangazo) jamani. Na ingine, anasema banki zimefunga halafu avansi za watu watano zilipita wapi? Minasema hii ni bongo (uongo), hata huyo wa Ndosho inaweza kuwa ni yeye mwenyewe na simu ingine.

Dada_Panzi
kweli hata mimi nilijiuliza, kaye gani inapotea kila mwaka mwezi uleule

Chukudu_Virunga
Ahaa kumbe mimi nilitoa ushuhuda wangu wa moto kwa tangazo

Nyota_wa_Himbi
Kaka Katuba unanikosea. Feza zinapita ku simu, unaenda kwa mtu wa kabini (wakala wa feza za simu) anakata yake unachukua inayobaki, hakuna mtu Goma anangojea banki, hata mwenye kuuza sokoni pale Birere anajua. Unataka nikuonyeshe nini? Sasa hivi nimekaa nje juu umeme haujarudi tangu asubuhi, mashini iko na asilimia 11, natafuta kitabu ambacho mwanafunzi ameandika tu jina la ukoo na "op. cit." (yaani kitabu kilichokwisha kutajwa), hakuna mwaka, hakuna kichwa, na hakuna pahali alikitaja mbele ya hapo, nimepita kurasa zote, na yeye ananiandikia kila nusu saa "yaya iko tayari?". Mtu wa pubu angeanza na bei. Mimi bei sijaandika popote. Na Mwana_Ndosho sikujui na sikuandikii inbox.

Mwana_Ndosho
mimi si yeye jamani niko mwanaume 🙏🏾

Mama_Nyawera
Mimi sitafuti kama ni kweli au ni bongo. Kuna watu wanasoma hapa kimya na wana avansi hizohizo mfukoni, nitajibu kwa ajili yao wote.

Nyota, unasema hizi ni za mwisho. Za mwisho si lengo, ni maneno, juu hazina tarehe na mwakani mwezi wa nne mdogo wako atakuwa bado anasoma. Lengo ni hili: kuanzia leo sipokei avansi ya kuandikia mtu TFC. Hilo halingoji mhariri wala umeme, na jioni unajua kama umelishika au hapana. Wale watano waandikie mmoja mmoja, uwaambie kazi imebadilika: yeye anaandika, wewe unasoma, unasahihisha Kifaransa, unamwonyesha pa kurekebisha, unapanga bibliografi. Atakayekataa mnapatana umrudishie kidogo kidogo.

La pili, mwaka wako una msimu na malengo yako hayajui hivyo. Umeyapanga kama vile miezi yote inafanana. Sukuma mapendekezo ya magazeti kwa nguvu kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, wakati umepumua. Mwezi wa nne mpaka wa saba weka pendekezo moja tu kwa wiki lakini lisikose. Akiba iingie mu msimu wa feza, si Januari wakati uko mukavu.

La tatu, usitafute magazeti ya nje tu. Tangazo la kazi za ushauri bado zinatoka kwenye ReliefWeb na mediacongo, chache kuliko zamani lakini zinatoka, soma TDR (maelezo ya kazi) uone wanaomba nini, utakuta wengi wanataka mtu wa kuandika kwa Kiswahili ya huku. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo, karatasi nyingi zilikuja kwa Kifaransa na Kiswahili sanifu na wamama wa sokoni wakawa hawashiki vizuri inasema nini, ikabidi watafutwe wa kuandika vile watu wanavyoongea. Wewe unaandika hivyo bila kujua, nimeona hapa.

Nyota_wa_Himbi
Mama hapo kwa msimu umenigusa, sikuwahi kuwaza hivyo. Ila kurudisha feza siwezi, tusidanganyane. Wawili naweza kuwaambia kazi imebadilika, ni watu wa kuelewa. Wale watatu wako na tarehe karibu na mmoja mama yake tunasali naye pamoja, nikimwacha sasa nitaonekana mwizi mtaa mzima. Hizo nitamaliza. Najua mutasema.

Mwalimu_Bagira
Nasema ndiyo, kwa sababu hao watatu nitakutana nao mimi. Lakini nikuambie kitu kitakachokusaidia: mwanafunzi kusahihishiwa lugha si kosa, mimi mwenyewe nawatuma watafute mtu awasomee, wengi walisoma sekondari ya kijijini bila maktaba, Kifaransa kinawatesa na kichwani wako wazima. Kosa linaanzia pale unapomwandikia matokeo na maana ya matokeo. Mwachie hiyo sura. Hata hao watatu, mwachie hiyo sura aiandike vibaya, wewe unyooshe. Mbele ya juri ataweza kuisimamia.

Katuba_Moja
Mi bado naona pubu. Lakini tuseme ni kweli, ile ya kusahihisha utaweza kuishi nayo? Ukurasa mumoja ni ngapi? Juu ukiuza bei ya huruma mwezi wa saba utarudi kulekule.

Nyota_wa_Himbi
Sijui bado kaka. Ndiyo hesabu mama alisema, ya saa za umeme. Naifanya leo mbele mashini haijazima, na bei nitakayopata sitaiandika hapa usije ukasema tena.

Mwana_Ndosho
yaya kama ni hivyo mimi niko na sura mbili nimeandika mwenyewe, shida ni Kifaransa na bibliografi tu. hizo unaweza kusoma?

Nyota_wa_Himbi
Sura mbili ndiyo, tuma. Ya tatu unaandika wewe, ukimaliza ndiyo unarudi. Na mu bibliografi ukiniwekea "op. cit." isiyo na kitabu nakurudishia zote.