Gari la safari la zamani kukataa kuwaka injini ikiwa na joto

Mwuliza: Ndugu zangu, nina gari la zamani la petroli, la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), ambalo nimelitengenezea kitanda na jiko nyuma. Asubuhi huwaka mara moja, lakini nikitoka Sengerema na kuzima injini nikisubiri feri ya Kamanga, baada ya dakika 20 hivi hukataa kuwaka, ingawa si kila mara. Betri imebadilishwa bila mafanikio. Nianzie wapi?

Jibu: Ukigeuza ufunguo, starta huzunguka kwa kasi ya kawaida, au hutoa mlio mmoja na kunyamaza?

Mwuliza: Huzunguka vizuri kabisa.

Jibu: Basi betri ilibadilishwa bure, pole. Tembea na plagi ya akiba, na gari likigoma, papo hapo kabla halijapoa, ichomeke kwenye waya wa plagi, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, kisha mwenzako apige starta. Pasipokuwa na cheche, shuku koili (inayozalisha umeme wa cheche) au distributa (inayougawa kwa kila plagi). Cheche ikiwa kali, huenda joto limechemsha petroli ndani ya kabureta na injini imezidiwa na mafuta; kanyaga aksileta hadi mwisho bila kuipampu, upige starta.

Jibu la mwingine: Langu lilikuwa koili. Niliifunika kwa kitambaa kibichi, nikiepuka kulowesha sehemu zinapofungwa waya, ikapoa, gari likawaka.