Pentakwaki inakufa hapo hapo, sasa wanaionaje?

Mwl_Fizikia: Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari, juzi mwanafunzi kaniuliza nikakosa jibu la kueleweka. Pale CERN, ile maabara ya chembe kule Ulaya, wanasema wamepata pentakwaki, chembe ya kwaki tano (kwaki ndo vijichembe vinavyounda protoni na nyutroni), lakini inavunjika kabla haijafika kwenye kifaa chochote, sasa wameionaje? Naombeni msaada nimrudie na kitu.

Mtoto wa Pwani: Mkuu yenyewe hawaioni, wanaokota vipande vyake. Chukua LHCb, moja ya majaribio ya CERN, protoni zikigongana inatoka lambda-b, chembe nzito ya kwaki tatu, inasafiri kama sentimita moja hivi halafu inavunjika, inatoa chembe tatu, kaoni, protoni na J/psi (hii ni kwaki na antikwaki yake), nao wanatafuta zile J/psi zilizogeuka myuoni mbili maana myuoni, ndugu mzito wa elektroni, inapenya mpaka kuta za chuma kule nyuma. Sasa jumlisha nishati na momentamu ya protoni na hizo myuoni mbili, piga hesabu ya tungamo. Kama kila moja ilitoka kivyake majibu yanatawanyika, ila kama protoni na J/psi zilikuwa kitu kimoja kwanza, yaani pentakwaki, yanarundikana palepale na grafu inaota nundu. Mwaka 2015 nundu ilikuwa kwenye 4450 MeV (MeV ni kipimo cha nishati, wanakitumia na kwa tungamo).

Neema_K: Mwambie na hili pia mwalimu, nundu inadanganya! Japani, pale maabara ya SPring-8, walichapisha pentakwaki yao Theta+ mwaka 2003, maabara kibao zikadakia na sisi tumeiona, hata jaribio la CLAS kule Jefferson Lab Marekani, ila CLAS haohao waliporudia na data nyingi zaidi ikayeyuka. Ndo maana naipenda sana kazi ya LHCb ya 2019, walirudi na data kama mara tisa ya zile za mwanzo, ile nundu ya 4450 ikapasuka zikawa mbili zimebanana, 4440 na 4457, na pembeni ikachomoza nyingine 4312 ambayo mwanzo haikuonekana kabisa.

Mwl_Fizikia: Duh, asanteni sana. Na hizo kwaki tano zimejibana kwenye fungu moja?

Mtoto wa Pwani: Hapo bado wanabishana. Ila 4312 iko kama MeV 5 tu chini ya tungamo la chembe mbili, sigma-c (kwaki tatu) na D (kwaki na antikwaki), ukizijumlisha, ndo maana wengi wanasema ni hadroni mbili, yaani chembe mbili za kwaki, zimeshikana kilegevu, kama protoni na nyutroni kwenye dyuteroni, kiini cha hidrojeni nzito. Mimi niko upande huo.

Mwl_Fizikia: Basi kesho naprinti grafu ya 2019, nampa na rula aitafute hiyo 4312 mwenyewe.