Mjadala: Halmashauri za Mwanza zitenge mapato ya ndani ili kila kata iwe na afisa ustawi wa jamii?

Mwanzisha mada, Kirumba:
Wakuu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeeleza wazi nani anabeba mzigo huu: kulinda na kukuza ustawi wa mtoto ni wajibu wa mamlaka ya serikali za mitaa. Mfadhili na kanisa wanasaidia tu, mwenye wajibu ni halmashauri. Sasa tembelea mwalo wowote wa kushushia samaki, kuanzia hapa Mwaloni mpaka visiwa vya Ukerewe na Buchosa. Mkusanya ushuru utamkuta tangu alfajiri, mashine mkononi. Afisa ustawi wa jamii hutamkuta. Kata nyingi hazina hata mmoja, na yule wa makao makuu ya wilaya anabebeshwa kata ambazo hawezi kuzizungukia.

Hoja yangu ni kwamba halmashauri zote nane za mkoa huu zitenge fungu la mapato ya ndani, ziajiri maafisa ustawi kwa mkataba, wakae kwenye kata na wapewe nauli. Mfano tunao. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakwenda kwenye mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mtoto hana fungu. Hapigi kura, hana kikundi kilichosajiliwa, na huduma yake imewekwa ndani ya divisheni ya afya pamoja na lishe, ambako dawa na zahanati lazima zitangulie.

Najua kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zipo mpaka kwenye mitaa, na wajumbe wake nawaheshimu sana. Lakini mjumbe wa kujitolea haandiki taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu ataitegemea. Tena mtuhumiwa mara nyingi ni jirani yake, wanachota maji bomba moja. Tujadili.

Mhasibu, Ilemela:
Nakupinga, ingawa lengo lako ni jema. Ukianza kukata asilimia kwa kila kundi, wazee watadai na wao, na watakuwa na haki. Halmashauri ya vijijini inayotegemea ushuru wa pamba itafanya nini bei ikianguka? Afisa wa mkataba atakaa miezi bila mshahara, ataondoka, na mashauri ya watoto yatabaki nusu njia. Hilo ni baya kuliko kutokuwa naye. Ajira hizi zitoke serikali kuu, zenye cheki namba na pensheni. Tuibane serikali kuu.

Mwalimu, kata ya pembezoni mwa jiji:
Ndugu mhasibu, nakuelewa, lakini sikiliza na hili. Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu alikuja shule anaandika kwa mkono wa kushoto, naye si wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba, akasema ameanguka. Nikatoa taarifa kwa mtendaji siku hiyo hiyo, maana sheria inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Mtendaji akapiga simu wilayani, afisa akajibu kwa uungwana kabisa kwamba gari limekwenda kwenye chanjo, atakuja wiki ijayo. Nikalipa bodaboda mpaka dawati la jinsia na watoto la polisi, tukapata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na huko wakakuta mfupa umepasuka.

Polisi walifanya kazi yao. Kilichotushinda ni jioni: huyu mtoto atalala wapi? Shangazi yake alikuwepo, yuko tayari, anaishi mtaa wa pili. Hakuna mtu pale mwenye mamlaka ya kusema alale kwa shangazi. Saa 3 usiku akarudishwa nyumba ile ile, kwa baba wa kambo. Afisa alipofika, mama alikuwa ameshamhamishia Geita, na shule aliyopelekwa hatukuijua. Mimi gari siliombi. Naomba mtu anayekaa kata hii, mwenye simu inayopokelewa usiku na sahihi inayotambulika.

Mvuvi, Ukara:
Huku kwetu dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Sheria inamkataza mtoto kufanya kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na hizo ndizo saa zenyewe za dagaa. Mitumbwi ikirudi, watoto wa kambini wanabeba ndoo na kuanika kwenye vichanja, halafu wanasinzia darasani, au shule yenyewe hawaendi. Ofisa akitoka wilayani Nansio mara moja kwa mwaka, habari zinamtangulia, watoto wanaondolewa, anaandika kambi haina tatizo. Akikaa hapa atajua yupi anasaidia mama mgonjwa na yupi ameletwa na tajiri wa mtumbwi kutoka mbali. Hao si wa kushughulikiwa kwa namna moja. Ila msituletee mgambo. Wakifukuzwa hapa watahamia kisiwa kingine.

Bibi mlezi, Igoma:
Nawasoma wote wanangu. Mimi nalea wajukuu watatu, mama yao alifariki, baba yao simjui aliko. Ninachoogopa ni huyo afisa kuja kuona nyumba ya tope na kusema watoto wapelekwe makao ya kulelea watoto. Nimeona wakichukuliwa wa jirani. Hizo fedha za mishahara, mbona nisipewe mimi nikanunua sare na unga? Watoto hawa hawana shida ya upendo.

Mwanzisha mada:
Bibi, shikamoo. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu. Mtoto anapaswa kukaa kwenye familia, na makao yawe njia ya mwisho. Lakini mtoto hupelekwa makao haraka pale ambapo hakuna mtu aliyepata muda wa kumtafuta shangazi, mjomba au bibi. Kutafuta ndugu, kuwakagua na kurudi kuwaona baada ya mwezi ni kazi ya afisa ustawi, na haifanyiki kwa simu kutoka wilayani. Afisa wa kata ndiye angekuandikia uingizwe kwenye mpango wa kaya maskini, na ndiye angekagua kama hayo makao yana leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Sare na unga viwemo kwenye fungu hilo hilo, nakubaliana nawe kabisa.

Mhasibu, kuhusu pamba umesema kweli. Basi tuanzie Jiji na Ilemela zenye mapato makubwa, na huko visiwani tuanzie kata zenye mialo. Ushuru wa samaki wa mwalo ule ule umlipe afisa wa kata ile ile. Serikali kuu tutaibana pia, lakini yule mtoto wa mwalimu alihitaji mahali pa kulala usiku ule.

Mhasibu:
Kwa kata za mialo nakubali kujaribu, mradi mshahara wa mwaka mzima utengwe kabla mkataba haujasainiwa. Zaidi ya hapo bado napinga.

Mtendaji mstaafu, Sengerema:
Mkiishia humu mtandaoni haitafika popote. Ipelekeni mkutano wa mtaa au kijiji, iandikwe kwenye muhtasari kama kipaumbele, ipande kamati ya maendeleo ya kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na muitaje kata kwa jina. Diwani akiulizwa na wananchi wake kwenye mkutano wa hadhara, ataisemea kwenye baraza. Na wakati mnasubiri, bandikeni namba 116 ya simu ya mtoto kwenye kila shule na kila mwalo. Kupiga ni bure.