Ofa ya rubani msaidizi, shirika la kanda Marekani: dola 90 kwa saa ni mshahara gani?

Kutoka: Kijana wa Arusha, Houston

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Ofa yenye masharti iko mezani: rubani msaidizi wa E175 (ndege ya abiria ya Embraer), dola 90 kwa saa, bonasi dola 20,000 kwa sharti la kukaa miaka miwili. Saa za kuruka ni 2,900, karibu zote kwenye ndege za Dash 8, Kenya na Tanzania. ATP, leseni ya juu ya rubani ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), ipo, kadi ya kijani ipo. Naombeni mwanga. Hiyo 90 inapandishwaje? Saa nilizoruka nyumbani zinahesabiwa wapi? Na bonasi ina mtego gani?

Kutoka: Mzee wa Dayton

Marahaba mwanangu, na hongera.

Hiyo 90 haipandishwi. Haikuandikwa kwa ajili yako, imo kwenye jedwali la mkataba kati ya shirika na chama cha marubani, na mwajiri akikupa 95 peke yako atakuwa amevunja mkataba huo. Kati ya mashirika ya kanda, Envoy, PSA, Piedmont na Endeavor wako ALPA, chama cha marubani. Republic wako Teamsters, chama kingine cha wafanyakazi. SkyWest hawana chama cha namna hiyo, wana jumuiya ya ndani iitwayo SAPA. Jedwali lina safu ya kepteni na safu ya rubani msaidizi, na mstari kwa kila mwaka wa utumishi. Unapanda mstari mmoja kila inapotimia tarehe uliyoajiriwa. Ukihamia shirika jingine, kwa kawaida unaanza mstari wa kwanza hata uwe na saa 10,000.

Kwa nini jedwali lenyewe lina kikomo? Mashirika ya kanda hayauzi tiketi kwa jina lao. Yanarusha ndege zenye rangi za American, Delta au United, na shirika kubwa linawalipa kwa safari. Tena mikataba ya marubani wa Delta na United inaweka ukuta: ndege ya kanda isizidi viti 76 na pauni 86,000 za uzito wa kuruka. E175 inaweza kubeba abiria 88, lakini utaikuta na viti 76. Kwa hiyo chama kinapodai nyongeza, anayedaiwa hasa, yaani shirika kubwa, hayupo mezani.

Unachoweza kugusa wewe ni vitu vichache. Cha kwanza ni tarehe ya darasa. Namba yako ya ukongwe inatoka siku hiyo, na namba hiyo ndiyo inayoamua kituo (uwanja unakoanzia na kumalizia safari zako), likizo, sikukuu, na lini utakuwa kepteni. Darasa la tarehe 3 likikupita ukaingia la tarehe 17, watu wote wa tarehe 3 watakuwa mbele yako daima. Ndani ya darasa moja wengi hupangwa kwa umri, au kwa tarakimu za mwisho za namba ya Social Security, usishangae. Cha pili ni kutambuliwa kwa miaka ya nyuma, na hapo ndipo saa zako za Dash 8 zinapoingia.

Saa hizo zinahesabika kwenye zile 1,500 za ATP, hilo umeshalimaliza. Hazihesabiki kwenye saa 1,000 ambazo kanuni ya 121.436 inamtaka mtu awe nazo kabla ya kuwa kepteni wa shirika la Part 121, yaani shirika la ndege za abiria kama haya. Zile zinatakiwa ziwe za ndani ya mfumo wa Marekani. Kwa hiyo tangazo la bonasi kubwa ya kepteni anayeingia moja kwa moja si lako kwa sasa, hata kama umekalia kiti cha kushoto Wilson kwa miaka mitano. Lakini yapo mashirika yanayompa mtu mstari wa juu zaidi kwenye jedwali kwa uzoefu wa nyuma. Uliza kama wanakubali uzoefu wa shirika la nje, na jibu lije kwa barua pepe. Neno la mdomo la mwajiri siku ya usaili halifiki kwa mtu wa mishahara.

Kutoka: Binti Pangani, Minneapolis

Mzee kamaliza upande wa jedwali. Mimi nasema: acha kuangalia 90, angalia ni saa ngapi zitazidishwa kwa 90.

Saa inayolipwa inaanza breki inapoachiwa na inaisha ndege inapoegeshwa mlangoni. Kukagua ndege kwenye theluji, kusubiri abiria, saa nne za kukaa Chicago kati ya safari mbili, zote hazimo. Ndiyo maana mkataba una kiwango cha chini cha mwezi, mara nyingi saa 75. Kwa 90 hiyo ni dola 6,750 kwa mwezi, 81,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Usipange kodi ya nyumba kwa hesabu ya saa 95, kwani mwaka wa kwanza huchagui ratiba, unapewa mabaki.

Sasa fungua sehemu inayoeleza kinga za malipo. Ziko tatu za kutafuta: kiwango cha chini kwa siku, uwiano wa muda wa zamu, na uwiano wa muda wa kuwa mbali na kituo. Chukua safari ya siku nne yenye saa 16 za kuruka, na jumla ya saa 78 tangu uripoti hadi uachiwe. Mkataba wenye saa 4 kwa siku peke yake unakulipa 16, dola 1,440. Wenye uwiano wa moja kwa nne, yaani saa moja ya malipo kwa kila saa nne za kuwa mbali na kituo, unagawa 78 kwa 4, unapata saa 19 na nusu, dola 1,755. Tofauti ni 315 kwa safari moja. Safari nne kwa mwezi, 1,260. Shirika linalotangaza dola 93 bila uwiano huo linaweza kukulipa pungufu kuliko lenye 90. Uwiano wa zamu nao ni hivyo hivyo: zamu ya saa 11 yenye kuruka saa 3 na nusu, kwa moja kwa mbili inalipwa saa 5 na nusu.

Maswali mengine ya kuuliza hapo hapo. Safari ikifutwa, unalipwa ilivyopangwa au unarudishwa zamu ya akiba, yaani kukaa tayari kusubiri kuitwa? Ukisafirishwa kama abiria kwenda kuchukua ndege, ni asilimia mia au hamsini? Safari ikipangwa saa 5 ikaruka saa 4 na dakika 40, unalipwa ipi? Mkataba mzuri unalipa iliyo kubwa. Saa za ziada zinalipwa moja na nusu au mara mbili, na zinaongezwa juu ya 75 au zinamezwa ndani yake? Hili la mwisho linawaliza wengi. Mtu wa akiba mwenye saa 40 za kuruka mwezi huo, akichukua safari ya saa 10 siku yake ya mapumziko, kama zinamezwa anabaki na 75 zile zile. Kafanya kazi bure.

Mikataba mingi ya ALPA imepangwa kwa namba zinazofanana: malipo sehemu ya 3, saa za kazi sehemu ya 12, upangaji wa ratiba sehemu ya 25. Anza na 25. Ndiyo ndefu na inachosha, na ndimo pesa zilimo.

Posho ya safari inahesabiwa kwa kila saa uliyo mbali na kituo. Kwa dola 2 na saa 300 kwa mwezi ni 600. Ikiwa ndani ya kiwango cha serikali haikatwi kodi, lakini benki nyingi haziihesabu kama kipato unapoomba mkopo wa nyumba.

Kutoka: Mdau wa Charlotte

Naongeza kuhusu mazungumzo yenyewe, maana utasikia "mkataba uko mezani" tangu siku ya kwanza na utadhani nyongeza inakuja kesho.

Wengi wetu tuna picha ya KALPA, chama cha marubani wa Kenya, na Kenya Airways, Novemba 2022: notisi, mgomo, mahakama, wiki moja habari imekwisha. Huku kuna Railway Labor Act, sheria ya reli ya 1926 iliyowafikia wa ndege mwaka 1936, na chini yake mkataba haufi. Tarehe iliyoandikwa ni siku unapofunguliwa kurekebishwa. Baada ya hapo masharti ya zamani yanaendelea, hata miaka. Upande mmoja unatoa notisi ya Section 6, ya kutaka mkataba urekebishwe, wanakaa, wakikwama wanaomba mpatanishi wa National Mediation Board, bodi ya serikali ya usuluhishi. Bodi hiyo haina muda wa mwisho. Ikiona hakuna tena njia, inawapa nafasi ya kwenda kwa mwamuzi. Mmoja akikataa inawaachia, zinaanza siku 30 za kupoa, na Rais bado anaweza kuunda bodi ya dharura. Ndipo mgomo unakuwa halali. Kwa hiyo "marubani wamepiga kura ya mgomo kwa asilimia 98" ni ishara kwa mpatanishi, ndege zitaruka kesho kama kawaida. Mgomo wa kweli wa kanda ambao watu bado wanautaja ni Comair, 2001, siku 89.

Nyongeza za haraka hupita dirishani, kwa barua ya makubaliano inayobandikwa kwenye mkataba. Juni 2022 Envoy na Piedmont, kisha PSA, walitangaza dola 90 kwa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza. Sehemu ya hiyo 90 ilikuwa nyongeza ya muda, na barua ilitaja mwisho wake: Agosti 2024. Kijana, uliza 90 yako ni ya jedwali au ni ya barua, na kama ni ya barua, inaisha lini.

Kutoka: Mhasibu wa Seattle

Bonasi. 20,000 haifiki mfukoni 20,000. Kodi ya shirikisho hukatwa asilimia 22 kwa malipo ya aina hiyo, 4,400, na makato ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya serikali) asilimia 7.65, yaani 1,530. Unapokea 14,070, kabla ya kodi ya jimbo. Barua nyingi za bonasi zinadai urudishe 20,000 kamili ukiondoka mapema. Ukirudisha ndani ya mwaka ule ule, ofisi ya mishahara inaweza kurekebisha makato. Ukirudisha mwaka unaofuata, pesa ya kodi unaifuata mwenyewe kwa IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, kupitia kifungu cha 1341 cha sheria ya kodi, kinachohusu kiasi kinachozidi dola 3,000.

Soma maneno matatu kwenye barua hiyo: deni linapungua kila mwezi au linasimama zima hadi siku ya mwisho, miaka miwili inahesabiwa tangu darasa au tangu umalize mafunzo, na nini kinatokea ukifeli simuleta, ukipoteza cheti cha afya, au shirika likikusimamisha. Kama kuachishwa kwa kupunguzwa wafanyakazi hakujatajwa, omba kipengele hicho kiongezwe. Hapa ndipo unapoweza kujadili wewe binafsi, maana barua hii mara nyingi iko nje ya mkataba wa chama.

Kodi ya jimbo: sheria ya 49 U.S.C. 40116 inasema rubani hutozwa na jimbo anamoishi, na jimbo anamopatia zaidi ya nusu ya mshahara wake. Hilo la pili ni nadra kwa anayevuka majimbo. Ukibaki Texas na kituo kikawa Chicago, Illinois kwa kawaida haina chake. Hakikisha anwani ya mishahara ni ya Houston, la sivyo watakata na utakuja kudai marejesho.

Na usahau kudai punguzo la kodi kwa gharama za sare na pango la kitanda cha kituoni kwenye fomu ya kodi ya shirikisho. Mlango huo kwa waajiriwa ulifungwa tangu 2018.

Kutoka: Kijana wa Arusha, Houston

Nawashukuru sana. Moja tu: kubaki Houston na kwenda kituoni kwa ndege kunawezekana mwaka wa kwanza?

Kutoka: Binti Pangani, Minneapolis

Kunawezekana, kwa taabu, mdogo wangu. Ukiwa zamu fupi ya akiba, kanuni ya Part 117, ya FAA kuhusu saa za kazi na mapumziko, inaruhusu wakuweke tayari hadi saa 14, na mikataba mingi inakutaka uwanjani ndani ya saa mbili hivi. Kwa hiyo utalala mji wa kituo siku zote za akiba, kitanda cha kukodi pamoja na marubani wengine. Zamu ndefu ya akiba inakupa muda wa kutoka nyumbani, lakini wakongwe wanaichukua kwanza. Tafuta kwenye mkataba kipengele cha wanaosafiri kwenda kituoni: mingi inakukinga na adhabu kama ulikuwa na ndege mbili zenye nafasi na zote zikakushinda. Piga picha ya skrini inayoonyesha viti siku ile ile. Mwaka wa kwanza ni wa majaribio, chama hakina nguvu nyingi za kukutetea ukichelewa, na wapanga ratiba hawatasikiliza habari za radi Houston.