Mzee amefariki, rafiki yuko serikalini: ni haki kumwomba anichomeke?

Mleta mada

Wakuu, shikamooni wenye umri, na wengine salaam. Nina jambo naomba tulijadili bila kupakana mafuta.

Baba amefariki miezi mitano iliyopita. Hakuwa tajiri, ila alikuwa mtu ambaye akiwepo nyumbani hakuna anayehesabu. Ada inalipwa, mama anakwenda kliniki, na mimi mtoto wa kwanza najiona nina muda wa kuchagua kazi ninayoitaka. Tulizika Jumamosi. Jumatatu wadogo zangu wote walikuwa wananitazama usoni. Hakuna aliyesema neno. Mama alinikabidhi tu ufunguo wa kabati la mzee, na ndani yake mlikuwa na faili la madeni ambalo hata yeye hakulijua.

Sasa, nina rafiki. Tulikaa dawati moja miaka minne. Mimi nilimsaidia hesabu, yeye akanikinga na wababe. Leo ni msaidizi wa mkubwa mmoja wizarani. Alipokuja msibani alinivuta pembeni akasema: "Lete vyeti. Kuna nafasi zinatoka, na mkubwa nikimwambia jambo hakatai." Sifa ninazo, tusidanganyane. Shahada ipo, uzoefu wa miaka mitatu upo. Nimeomba kazi za serikali mara saba kwa njia ya kawaida, nikaitwa kwenye usaili mara mbili, basi.

Swali langu ni hili: nafasi inayolipwa kwa kodi ya kila mtu, ni halali kuipitia kwa rafiki kwa sababu umefiwa na dhiki imekubana? Au msiba haubadilishi kitu?

Mchangiaji wa 1

Pole sana mkuu. Peleka vyeti leo, mjadala tutaufanya ukishapata barua ya ajira. Nusu ya watakaokukataza hapa wameingia kwa mlango huohuo, kisha wakaurudishia.

Mchangiaji wa 2

Pole kwa kufiwa, ndugu yangu. Mimi nimekaa upande wa pili wa ile meza, kwenye kamati za usaili, kwa hiyo nikueleze jinsi vimemo, yaani maagizo ya wakubwa ya kumbeba mtu, vinavyofanya kazi.

Kwanza, siku hizi kimemo hakina karatasi. Ni simu, na simu yenyewe haina amri ndani yake. Mkubwa anasema: "Kuna kijana hapo, namba kumi na nne, mwangalieni." Neno ni hilo tu, "mwangalieni". Ukimfikisha popote atasema alimaanisha mtendeeni haki. Mtihani wa kuandika ni mgumu kuuchezea, karatasi ipo na majibu yanaonekana. Uchafu unafanyika kwenye usaili wa ana kwa ana, pale penye vipengele kama "kujiamini" na "uwezo wa kujieleza". Mtu anapata alama tano au kumi kutegemea nani kapiga simu asubuhi.

Mwaka mmoja tulimpandisha kijana alama sita. Tuliambiwa kafiwa na baba, na ndiye mkubwa wa familia. Nakiri kwamba niliandika zile alama kwa moyo mweupe, nikihesabu nimetoa sadaka. Aliyekuwa juu yake, binti mmoja, akashuka akawa wa kwanza miongoni mwa waliokosa.

Miezi kadhaa baadaye nilipewa kazi ya kupanga yale mafaili kwa ajili ya kuhifadhi. Barua ya yule binti ikapita mikononi mwangu. Penye jina la mzazi au mlezi alikuwa ameandika la shangazi yake, na pembeni, kwa kalamu: wazazi wote ni marehemu.

Hatukuwa tumemuuliza. Hakuwa na mtu wa kutupigia simu atuambie.

Mleta mada

Kaka, hilo nimelisoma mara tatu. Lakini nami nikuulize: kwa hiyo kosa ni kumhurumia yule kijana, au ni kutomjua binti? Maana kama ni hilo la pili, basi dawa ni serikali kuwa na utaratibu wa wazi wa kuwafikiria waliofiwa, ili tusitegemee marafiki.

Mchangiaji wa 3

Utaratibu huo upo kwingine, na historia yake inafundisha. India wana ajira ya huruma: mtumishi wa serikali akifa akiwa kazini, mtegemezi wake mmoja anaweza kuajiriwa bila kushindana. Kwa ajira za serikali kuu wameuwekea kamba, asilimia 5 ya nafasi za ngazi za chini zinazojazwa moja kwa moja. Na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ikasema wazi kwamba lengo ni kuiokoa familia na janga la ghafla. Nafasi hiyo si ya kurithi kama shamba, na huwezi kuja kuidai miaka imeshapita na familia imeshasimama yenyewe. Tena angalia: ni ya waliokuwa watumishi. Baba aliyekuwa fundi au mkulima, mwanawe hayumo.

Halafu tazama Bangladesh. Asilimia 30 ya ajira za serikali zilitengewa waliopigania uhuru wa 1971, kisha watoto wao, na baadaye wajukuu. Wazo la mwanzo nani angelipinga? Lakini ilifika mahali kijana anakosa kazi kwa sababu babu wa mwenzake alibeba bunduki nusu karne iliyopita. Mgawo huo ulifutwa 2018 baada ya maandamano. Mahakama Kuu ilipourudisha Juni 2024, wanafunzi wakaingia barabarani. Tarehe 21 Julai mahakama ya rufaa ikaushusha hadi asilimia 5 na kuacha asilimia 93 kwa ushindani, ila damu ilikuwa imeshamwagika. Tarehe 5 Agosti waziri mkuu Sheikh Hasina alikuwa amekwishaikimbia nchi.

Kwa hiyo hata huruma iliyoandikwa kwenye sheria inataka mpaka, la sivyo inageuka haki ya ukoo. Huruma ya rafiki yako haina mpaka wowote. Inaishia pale simu yake inapoishia.

Mchangiaji wa 1

Mnampa mtu aliyefiwa somo la historia! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walishasema. Rafiki asiyekusaidia akiwa na uwezo ni wa nini? Kesho wadogo zake wakirudishwa shule, mtawalipia ada nyie na hukumu zenu za 1994?

Mchangiaji wa 3

Mkuu, somo la historia ninalo jingine, ni fupi. Marekani ya karne ya 19 kazi za serikali ziligawiwa kwa marafiki wa chama kilichoshinda. Charles Guiteau akajiaminisha kwamba hotuba yake moja ndiyo iliyomwingiza James Garfield ikulu, akaanza kushinda maofisini akidai ukonsuli wa Paris. Alipokataliwa, Julai 1881 alimpiga Rais risasi kwenye stesheni ya treni, na Garfield akafa Septemba. Raha ya kisa iko mwishoni: aliyesaini sheria ya ajira kwa mitihani, Januari 1883, ni Chester Arthur, makamu aliyerithi kiti cha Garfield, mtu aliyepandishwa na utaratibu uleule wa kubebana. Tena sheria ilianza kwa kugusa takriban asilimia 10 tu ya nafasi za serikali kuu. Nakubali mleta mada si Guiteau. Nasema tu kwamba palipo na kazi za kugawiwa, foleni ya wanaoamini wanadaiwa fadhila haiishi.

Mchangiaji wa 4

Naona wote mnaongelea siku ya kuingia. Mimi niongelee siku zinazofuata, maana niliingia kwa njia hiyo. Nilifiwa na baba mwaka wa mwisho chuoni, rafiki yake akanishika mkono, na miezi miwili baadaye nilikuwa na meza.

Sikatai, mshahara ule ulisomesha wadogo zangu wawili. Mtu asiniambie nilikosea kabisa, sitamsikiliza. Lakini mle ofisini nilikuwa "mtoto wa fulani" kwa miaka tisa. Nikifanya kazi vizuri, ni kwa sababu nina mtu. Nikikosea, kila mmoja anajua kwa nini nipo. Nilikuwa nafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na wala haikusaidia.

Kisha siku moja aliyeniingiza akanitumia mtu na karatasi za malipo. Hazikuwa na viambatisho. Hakunitisha, wala hakunikumbusha alichonifanyia. Alisema tu, "Binti yangu, hii ni ya haraka." Nikasaini. Ya pili nikasaini. Ya tatu nilijifanya mgonjwa, na tangu hapo hakunipokelea simu hadi alipostaafu. Wakaguzi walipokuja nililala wiki mbili bila usingizi, na ninashukuru Mungu tu kwamba hawakulifungua faili lile.

Mdogo wangu, usiulize rafiki yako anataka nini leo. Leo hataki chochote, na anakupenda kweli. Yule mkubwa anayeongea naye ndiye hujui atataka nini.

Mchangiaji wa 5

Mnampa njia mbili tu: abebwe au akae nyumbani. Ipo ya tatu. Miaka ya 1970 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti wa jinsi wanaume wa mji mmoja wa Massachusetts, Marekani, walivyopata kazi zao. Wengi walipata kupitia watu, ndiyo. Lakini kati ya waliopata hivyo, chini ya asilimia 17 tu ndio waliosaidiwa na mtu wanayemwona mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wasio wa karibu, wa kukutana mara mojamoja au kwa nadra. Kikubwa walichopewa ni taarifa: kuna nafasi mahali fulani, wanatafuta mtu wa aina fulani.

Rafiki akikuambia tangazo linatoka lini, usaili wao unapima nini, na kwa nini maombi yako saba yaliishia njiani, hajamshusha binti wa watu. Mwombe hilo. Lakini na hapa tusijisafishe sana, kwa sababu asiye na rafiki wizarani hata hiyo taarifa haipati.

Mchangiaji wa 2

Hiyo tofauti hata kwenye kamati tungeiona. Anayejua kinachopimwa anajibu vizuri, na tunampa alama zake. Anayebebwa, anaingia tukiwa tumeshaambiwa.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Wa kwanza, nakushukuru, wewe ndiye uliyekumbuka ada, na ada bado ipo palepale.

Jana usiku nilimwandikia rafiki yangu. Nikamwambia vyeti sitaleta, ila anitumie tangazo likitoka, anieleze usaili wao ukoje, na asimwambie mkubwa wake kitu. Niliandika na kufuta mara nyingi, nikiogopa asidhani namtuhumu.

Amejibu leo mchana, mstari mmoja: "Mbona jina lako nimeshampa?"

Bado sijamjibu.